Simu Yangu ya Kukunja

Nami ninayo simu ya kukunja. Ina redio, kamera, tochi na laini mbili. Hapa Mpanda vijana waicheka, lakini umeme ukikatika huja kuniazima tochi.

Kosa langu lilikuwa vocha. Jumamosi moja nalijiunga dakika za siku moja, nikazitunza kama mbegu. Saa sita usiku zikafa zote. Alfajiri mama akanibipu mara tatu kutoka Inyonga. Sikuwa na hata senti simuni! Nikamngoja wakala mpaka saa moja. Kumbe baba ashindwa kupumua, yatakiwa nauli ya hospitali. Nikaituma papo hapo.

Baba alipona. Siku hizi vocha ya shilingi 1,000, isiyokwanguliwa, hukaa ndani ya daftari langu la ubatizo. Padre ameiona, akanyamaza.