Bonde la Nemea, Walikoshindania Taji la Majani

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Olympia. Nemea hutajwa mara chache. Nayo ni bonde la kusini mwa Ugiriki, katika rasi ya Peloponnese, lenye vilima pande zote na mashamba mengi ya mizabibu. Divai yake nyekundu huitwa damu ya Herakles, maana ndiko shujaa huyo anakosimuliwa kumkaba koo simba asiyeingiwa na silaha, kisha akajivika ngozi yake.

Lakini michezo ya Nemea husimuliwa kuwa ilianza kwa msiba. Mfalme Lycurgus alikuwa na mtoto mchanga, Opheltes, na waaguzi walikuwa wameonya asiwekwe chini kabla hajajua kutembea. Siku moja wakapita askari wenye kiu, wakamwomba yaya awaonyeshe maji. Yaya akamlaza mtoto juu ya majani mabichi, akaenda nao. Aliporudi, nyoka alikuwa amekwisha kumwua. Askari wakamzika, wakafanya mashindano kwa heshima yake.

Tangu mwaka 573 kabla ya Kristo michezo ile ilifanywa kila baada ya miaka miwili. Waamuzi walivaa nguo nyeusi za matanga, na mshindi alivikwa taji la majani yale yale, mboga ya mwituni inayofanana na kotmiri. Hebu fikiri: mtu kupigwa ngumi za uso kwa ajili ya mboga itakayonyauka kabla juma halijaisha!

Uwanja wao ulifukuliwa na Stephen Miller wa Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1978 ilionekana njia ya chini ya ardhi, urefu wake yapata mita 36, ambamo wakimbiaji walingoja kuitwa. Vijana waliandika majina ukutani, kama vijana wa po pote. Mmoja alisifu uzuri wa Akrotatos. Mwingine akaongeza kwamba ni mzuri kwa huyo aliyeandika.

Mwaka 1996 mbio zilifufuliwa. Watu wa mataifa mbalimbali, wazee kwa watoto, wamekuja kukimbia humo miguu mitupu, wamevaa kanzu fupi nyeupe. Hupita katika njia ile ile, huweka vidole vya miguu katika mifuo ya jiwe la kuanzia, na mshindi hupewa taji la mboga ile. Waamuzi huvaa nyeusi.