Kadi Aliyoificha Mama

Nina figo moja. Ya kushoto ilitolewa Muhimbili mwaka 2002, nikiwa na miaka mitano, kwa uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata watoto wadogo. Tukahamia Ocean Road, lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari, maana enzi hizo watoto wenye saratani walitibiwa pale. Huduma yao ilihamia Muhimbili mwaka 2011. Nilitundikiwa dripu ya dawa nyekundu kama juisi ya rozela, nikapigwa mionzi tumboni. Nikapona. Nywele zikaota, nikaanza shule, na Mama akafunga mjadala: "Mwanangu, haya yamekwisha. Usimwambie mtu, utakosa mume."

Mume nikampata, na fremu ya khanga Kariakoo nikapata. Kovu langu aliambiwa ni operesheni ya utotoni, na kweli ilikuwa operesheni.

Stoo yetu iko ghorofa ya tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita ngazi zilipoanza kunishinda. Jioni miguu inajaa, usiku nalalia mito mitatu ndipo nipumue. Sokoni kila mtu ni daktari: huyu alisema mimba, yule jini, mwingine chipsi za usiku. Famasi wakaniuzia dawa ya vidonda vya tumbo.

Zahanati ndiko walikonipima: presha 150 kwa 100, sukari juu. Daktari, kijana tu, akaliona kovu. "Dada, hili la nini?" Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema yote.

Nikapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kipimo cha moyo, eko, kikaonyesha moyo unasukuma damu kwa unyonge. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, huua saratani lakini hudhuru pia misuli ya moyo, na madhara yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Kadiri jumla ya dozi inavyokuwa kubwa, ndivyo hatari inavyozidi. Mionzi nayo ilipita jirani na kongosho, na huko sukari huweza kuanzia. Kubaki na figo moja nako huweza kuchangia presha. Wakataka kujua nilipewa dawa kiasi gani.

Mama akafungua sanduku. Chini ya khanga zake za harusi kulikuwa na kadi yangu, imefungwa kwenye nailoni, dozi zote zimeandikwa kwa mkono. Aliyenikataza kusema hakuwahi kutupa hata karatasi moja! Wewe uliyemuuguza mwanao akapona, mpe kadi yake mapema, na umwambie moyo wake upimwe hata kama hasikii chochote.

Sasa nameza vidonge kila asubuhi, chumvi nimepunguza, marobota wanapandisha vijana wa mkokoteni. Ngazi napanda, taratibu. Kuhusu mimba, daktari amesema tusubiri eko ijayo kwanza, kwa sababu ujauzito huuongezea moyo kazi. Mama mkwe anauliza kila Ijumaa. Anayemjibu ni mume wangu.