KITANTE: BONDE LINALOPIMA MKONO NA MOYO

Msafiri apitaye Barabara ya Yusuf Lule mjini Kampala, akishayaacha nyuma majengo ya Garden City, hukutana na bonde la majani mabichi lililotandazwa kama zulia katikati ya jiji. Upande mmoja ni kilima cha Nakasero, chenye ofisi nyingi za serikali. Upande wa pili ni Kololo, ambako bendera ya Uganda ilipandishwa kwa mara ya kwanza wakati wa uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962. Kati ya vilima hivyo viwili ndipo ulipo uwanja wa gofu wa Kitante wenye mashimo 18, nyumbani kwa Klabu ya Gofu ya Uganda. Mamia ya watu huupita kila siku kwa teksi na boda boda, wala wasijue kinachotendeka mle ndani.

Ndugu msomaji, leo tuingie pamoja. Mimi si bingwa. Ni mtumishi wa serikali niliyesomea ualimu, na mchezo huu nimejifunza ukubwani kwa fimbo za kuazima. Walio katika majeshi wasidhani ya kwamba hauwahusu. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa sababu vijana waliupenda hata wakaacha kujizoeza upinde na mishale ya vita.

Aliyenifunza Kitante ni kedi mmoja, yaani mbeba mfuko wa fimbo, mzee ambaye zamani aliwahi kuvaa gwanda. Kiswahili chake ni cha kambini, nami hunichukua kama kuruta. Siku ya kwanza aliniambia, “Mwalimu, usitazame bendera kwanza. Tazama maji.”

MAJI NDIYO ADUI WA KWANZA

Maji aliyoyasema ni mkondo wa Kitante, unaopita bondeni kuelekea mfereji wa Nakivubo na hatimaye Ziwa Victoria. Kwa kuwa ardhi ya pande zote mbili huteremkia huko, mpira uliopigwa ovyo nao huteremka. Ukiangukia majini, waongezewa pigo moja la adhabu. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua fimbo, jiulize: je, katika mapigo kumi, ni mangapi yangevuka salama? Yakiwa manane, vuka. Yakiwa matatu, piga mpira mfupi utue kabla ya mkondo, kisha uvuke kwa pigo la pili. Huo si woga. Askari mwenye busara hauvuki mto kabla ya kujua kina chake.

Kampala imeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Aliyezoea kucheza Mombasa ataona mpira ukienda mbali zaidi hapa, basi asishangae akilivuka lengo lake. Hata hivyo, miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ardhi hulowa na mpira hauviringiki. Palepale unapotua ndipo unapobaki, na pengine huzama katika tope. Kiangazi mambo hugeuka: ardhi hukauka, mpira hukimbia, na fimbo fupi yatosha.

MITEREMKO

Pili, jihadhari na mteremko. Kwa mtu atumiaye mkono wa kulia, mpira uliokaa juu kuliko miguu yake hupenda kwenda kushoto. Uliokaa chini ya miguu hupenda kwenda kulia. Usishindane na kilima. Elekeza pigo lako upande wa juu, ukiache kilima kiurudishe mpira. Hali kadhalika kwenye grini, ile sehemu ya majani yaliyonyolewa sana inayozunguka shimo. Shimo lina upana wa sentimita 10.8 tu. Kabla ya kusukuma mpira, ugeuke uangalie mkondo uko wapi, kwani aghalabu mpira utavutwa upande huo hata kama macho yako yasema vingine.

Kila mahali pana adui wake. Huko Jinja, kando ya Mto Nile, uwanja wa gofu umejulikana kwa kanuni yake ya kienyeji: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji huruhusiwa kuutoa bila adhabu. Kitante hatuna viboko, lakini tuna majani marefu ya kandokando ya maji, nayo ndiyo yaliyonipa somo langu.

PIGO LISILOONEKANA

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Nilicheza na mwenzangu wa kazini kwa mapatano kwamba atakayeshindwa atalipa ujira wa makedi wote wawili na chakula cha mchana. Mfukoni nilikuwa na fedha za sukari na sabuni ya nyumbani. Tulipofika shimo la mwisho tulikuwa sawasawa. Mpira wangu ulikuwa ndani ya majani marefu. Nilipoiweka fimbo nyuma yake ili nipige, majani yalilala, na mpira ukasogea kiasi cha upana wa kidole.

Mwenzangu alikuwa mbali. Mzee wangu alikuwa ametazama Kololo, au alijifanya hivyo. Mchezo wa gofu kwa kawaida hauna refa anayekufuata. Kila mtu hujihesabia makosa yake. Kanuni ilikuwa wazi: kuurudisha mpira mahali pake na kujiongezea pigo moja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nipendavyo kukiri. Kisha nikapaza sauti, nikasema nimeusogeza.

Nilishindwa kwa pigo hilo hilo moja. Nililipa. Mzee alipopokea ujira wake alisema, “Mwalimu, hata zamu ya usiku hakuna anayekutazama.” Hakuongeza neno.

Nyumbani mama watoto aliuliza iko wapi sukari. Nilimweleza yote bila kuficha, nikatazamia ugomvi. Alicheka kidogo, akasema chai ya siku tatu itanyweka bila sukari, ila nisithubutu tena kuweka mapatano kwa fedha za nyumba. Naam, hilo nalo ni pigo la adhabu, na nililistahili.

Basi, siku upitapo Barabara ya Yusuf Lule, geuza macho bondeni. Pengine utamwona mtu ameinama katika majani karibu na mkondo, peke yake, akifanya hesabu.