Saa Moja na Nusu Hadi Mwanza

Tiketi ya mzee ilikuwa imekunjwa mara nne, na saa ameizungushia kalamu ya bluu: kuondoka 08:10, kufika 09:40. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850 kwa ndege, mwendo wa saa moja na nusu. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, zinafika 1,150 hivi. Basi la alfajiri linakufikisha usiku.

Nilimkuta kwenye viti vya abiria, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nawahi Magu. Dada yangu anazikwa leo saa nane."

Taarifa ya msiba ilimfikia jana yake jioni. Basi lisingemfikisha kwa wakati, wanawe wakachanga nauli ya ndege.

Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Hakuna tangazo. Nilikwenda kaunta mara tatu, na mara zote nikajibiwa, "Bado kidogo." Simu ya mzee ikilia, naye anawajibu wa nyumbani hivyo hivyo: "Bado kidogo." Kufikia saa tano alikuwa anaiangalia simu ikilia, hapokei. Nilikasirika kwa niaba yake hadi mikono ikatetemeka.

Yeye hakukasirika. Alinisimulia miaka ambayo mabasi ya Mwanza yalizungukia Nairobi kwa ubovu wa barabara zetu: mtu anatoka mkoa mmoja wa Tanzania kwenda mwingine, na mpakani anaonyesha hati ya kusafiria.

"Tulikuwa tunalala njiani. Lakini gari likifa, konda anasema limekufa, shukeni. Unajua moja. Hapa wangeniambia asubuhi, ningewaambia wazike, wasikae juani kwa ajili yangu." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Huyo dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimletea chai, ikapoa mkononi mwake.

Tuliruka saa saba u nusu. Saa tisa tukatua Mwanza. Kutoka hapo hadi Magu kuna kama kilomita 60 nyingine kwa barabara ya Musoma. Nilimtafutia teksi, tukapeana namba.

Alinipigia jioni. Walimsubiri hadi saa tisa u nusu, kisha wakazika. Alikuta kaburi limefunikwa na maua yameshawekwa.

Ndege kuharibika si dhambi, ni mashine. Ninachowaomba wenye mashirika ya ndege ni kimoja: mkishajua kwamba safari itachelewa, tuambieni saa hiyo hiyo, na mtuambie kwa muda gani. Abiria wenu ana watu wanaomsubiri, na wengine wanamsubiri kando ya kaburi.