Tambi za Nyanya

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Mimi niliyaamini maneno hayo jioni moja jikoni kwetu.

Nyanya alikuwa ameugua juma zima. Ugali haukupita kooni. Jioni hiyo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, ningepata tambi kidogo ningekula."

Dukani tulikuwa na deni. Nyumbani palikuwa na unga wa ngano na mayai mawili ambayo mama alinuia kuyauza. Nikakumbuka somo la Sayansi Kimu: yai moja kwa gramu 100 za unga. Nikayapasua yote mawili, nikatia chumvi, nikakanda, nikaanza kusukuma papo hapo. Lo! Kila nikisukuma, donge lilirudi nyuma kama mpira. Machozi yalinilengalenga, kwani mayai mengine hayakuwapo.

"Umelipumzisha?" nyanya akauliza kutoka kitandani.

"Bado, nyanya."

"Hata unga wa chapati hupumzishwa. Lifunike, nawe ukae."

Baada ya nusu saa donge lilitii, likawa jembamba kama karatasi. Nikalinyunyizia unga, nikalikunja, nikalikata nyuzi nyuzi kwa kisu, nikazitia katika maji yaliyokuwa yakitokota kwa dakika 3 hivi.

Mama aliporudi aliuliza mayai yako wapi. Nilimwonyesha bakuli la nyanya, tupu. Alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu.

Msomaji mpenzi, ukipika tambi, usidhani donge lililofunikwa limelala bure. Hapo ndipo kazi inapofanyika.