Orodha ya Wanaolindwa

Jumapili ya tarehe 18 Juni 2017, Ligi ya Taifa ya Hoki ya Marekani Kaskazini, ijulikanayo zaidi kwa herufi NHL, ilifanya jambo ambalo waajiri wengi hulikwepa: ilitangaza hadharani majina ya watu ambao kila klabu haikuwa tayari kuwapoteza, na kando yake majina ya wale ambao ilikuwa tayari. Klabu thelathini, orodha thelathini. Mchezaji aliyejikuta upande wa pili alijua kwamba baada ya siku tatu angeweza kuwa wa klabu nyingine, katika mji ulio jangwani, bila mtu yeyote kumwuliza kama anataka.

Hoki ninayoizungumzia hapa ni ile ya barafuni, si ile ya nyasini ambayo Kenya iliwahi kushika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971. Msomaji aliyezoea soka atahitaji maelezo zaidi. Kwetu timu mpya huanzia madaraja ya chini, ikapanda kwa jasho, na ikishindwa ikashuka. Katika ligi hii hakuna kupanda wala kushuka, kiti hununuliwa. Mwaka 2016 ligi iliikubalia Las Vegas klabu kwa ada ya dola milioni 500, na fedha hizo wakagawana wenye klabu thelathini zilizokuwapo. Lakini kiti si timu. Wachezaji walipaswa kutoka mahali fulani, na mahali penyewe ni katika klabu zile zile zilizopokea fedha. Kila moja ingetoa mchezaji mmoja, na mwenye kumchagua ni Vegas. Shughuli hiyo ndiyo uteuzi wa upanuzi.

Kanuni zake zilijulikana mwaka mzima kabla. Klabu iliruhusiwa kulinda washambuliaji saba, mabeki watatu na kipa mmoja. Au, kama ilipenda, wachezaji wanane wa ndani wa nafasi yoyote pamoja na kipa mmoja. Chipukizi waliokuwa na mwaka mmoja au miwili tu ya kucheza kwa malipo hawakuguswa. Kisha kulikuwa na kipengele ambacho kwangu mimi ndicho kiini cha habari yote: mchezaji ambaye mkataba wake una kifungu cha kutohamishwa ilikuwa lazima alindwe, awe bado ana makali au amekwisha, isipokuwa yeye mwenyewe akubali kuiachilia haki hiyo. Kwa hiyo nafasi za ulinzi, zilizokuwa chache tangu awali, zilianza kujazwa na karatasi kabla uwezo haujatazamwa.

Mwaka ule nilikuwa nikifundisha siasa na utawala katika chuo kikuu kimoja nchini Kanada, kwa mkataba wa mwaka mmoja uliokwisha kuhuishwa mara mbili. Bajeti ilikuwa ikipunguzwa, na kila mtu idarani alijua kwamba idadi yetu ingepungua. Wenye ajira ya kudumu walilindwa na mikataba yao. Sisi wengine tulikuwa tukitembea ukumbini tukiwa na adabu iliyozidi kiasi, kila mmoja akimsalimu mkuu wa idara kwa bashasha asiyokuwa nayo mwaka uliotangulia. Hoki niliijua kwa juu juu tu, kama mgeni yeyote Kanada anavyolazimika kuijua ili apate la kuzungumza kwenye foleni ya kahawa. Kanuni hizi ndizo zilizonifanya niifuatilie kwa dhati. Nilizisoma kama mtu anavyosoma hati inayomhusu.

Mwezi Machi niliwapa wanafunzi wa semina zoezi: kila mmoja achague klabu, aandike orodha ya kuilinda, na aitetee mbele ya wenzake. Nilitaka tuzungumze juu ya mgawanyo wa rasilimali chache, mada ambayo vitabuni hukauka upesi. Haikukauka. Aliyeichagua Pittsburgh Penguins ndiye aliyetuweka darasani nusu saa baada ya muda kwisha.

Pittsburgh walikuwa mabingwa, nao walikuwa na makipa wawili. Marc-André Fleury, mwenye umri wa miaka 32, walimteua wa kwanza kabisa kati ya chipukizi wote wa mwaka 2003, akawapa Kombe la Stanley mwaka 2009. Matt Murray alikuwa na miaka 22, na ndiye aliyesimama golini walipolitwaa kombe la mwaka 2016. Kipa wa kulindwa ni mmoja tu. Fleury alikuwa na kifungu katika mkataba. Murray hakuwa nacho. Kwa mujibu wa kanuni, klabu ingelazimika kumlinda mzee na kumweka kijana sokoni. Mwanafunzi wangu alisema jambo liko wazi: Fleury aombwe aachilie haki yake. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mtoto wa fundi mchomeleaji mwenye chama cha wafanyakazi, akamjibu kwamba mwajiri akikuomba uache haki uliyoipata kwa mapatano, hilo si ombi. Mwenye kuomba ndiye anayepanga nani acheze kesho. Nikamwuliza kama basi mfanyakazi hawezi kamwe kukubali kwa hiari. Akasema anaweza, ila ni yeye pekee ajuaye kama amekubali au amechoka.

Sisi tulikuwa tukibishana juu ya jambo lililokwisha kutendeka. Baadaye ilijulikana kwamba Fleury alikuwa ameombwa na kukubali mwezi Februari, bila kelele. Alijua, tangu wakati huo, kwamba msimu ukiisha ataondoka mji aliouchezea maisha yake yote ya utu uzima. Mwezi Aprili Murray akaumia akipasha misuli moto kabla ya mechi ya kwanza ya mtoano, na Fleury akaingia golini. Akawatoa Columbus. Akawatoa Washington, na katika mechi ya saba, ugenini, hakuruhusu bao hata moja. Katika raundi iliyofuata, dhidi ya Ottawa, akapata jioni moja mbaya, na Murray aliyekwisha kupona akarudishwa. Tarehe 11 Juni Pittsburgh wakatwaa kombe, Fleury akalizungusha barafuni, kisha akamkabidhi Murray kwa mikono yake. Siku kumi baadaye alikuwa mchezaji wa Vegas, na Pittsburgh walikuwa wametoa haki ya kuteua chipukizi wa awamu ya pili ili kuhakikisha kwamba ni yeye atakayechukuliwa, si mwingine.

Nimelifikiria tendo lile mara nyingi, na sikubaliani na wanaolisimulia kama hadithi ya unyenyekevu. Fleury alikuwa na hesabu zake: kukaa benchi akiwa na miaka 32 si faida kwa kipa, na mji mpya ungempa gole lake mwenyewe. Ninachokiheshimu ni kwamba aliombwa ana kwa ana, akiwa na karatasi mkononi, na angeweza kukataa. Kifungu kile, ambacho wachambuzi walikiita mzigo kwa klabu, ndicho kilichoilazimisha klabu kuzungumza naye kama mtu mzima. Wale ambao hawakuwa nacho hawakuzungumza na mtu, walisoma orodha.

Na orodha zilikuwa na mambo ya kustaajabisha. Katika semina, watatu waliochagua Florida Panthers walitofautiana juu ya mabeki, lakini hakuna aliyemwacha Jonathan Marchessault. Huyu hakuwahi kuteuliwa na klabu yoyote alipokuwa chipukizi, alilipwa dola 750,000, kiasi kidogo mno kwa ligi ile, na msimu ule alifunga mabao 30, mengi kuliko mwenzake yeyote wa Florida. Klabu yenyewe iliamua kulinda mabeki wanne, na ili kufanya hivyo ikabidi itumie mfumo wa wanane, yaani ibaki na nafasi nne tu za washambuliaji. Marchessault akawekwa nje. Halafu, kwa kuwa mshambuliaji mwingine, Reilly Smith, alikuwa ndiyo kwanza anaanza mkataba mpya wa miaka mitano wa dola milioni tano kwa mwaka, Florida wakampa Vegas naye pia, wakapokea haki ya kuteua katika awamu ya nne, kwa makubaliano kwamba mchezaji wa kuchaguliwa awe Marchessault. Kanuni ilidai mtu mmoja. Wao wakatoa wawili.

Hawakuwa peke yao. Anaheim Ducks walikuwa na mabeki wazuri wengi kuliko nafasi, kwa hiyo wakampeleka Vegas beki kijana Shea Theodore, ambaye kanuni hazikumgusa kabisa, ili Vegas wasiwachukue Sami Vatanen na Josh Manson. Columbus Blue Jackets walitoa haki ya kuteua awamu ya kwanza na ya pili ili Vegas wapokee mkataba wa mchezaji aliyeumia na wachague William Karlsson, kijana wa Uswidi aliyekuwa amefunga mabao sita msimu mzima. Msimu uliofuata Karlsson alifunga 43.

Ukizitazama kwa pamoja, biashara hizi hazikuwa za wajinga. Mameneja wale walikuwa na wachambuzi, takwimu, na mwaka mzima wa kujiandaa. Walichoshindwa kukivumilia ni kukaa kimya na kusubiri mwingine awachagulie cha kupoteza. Hasara ya mtu mmoja, iliyowekwa na sheria na iliyo sawa kwa wote, iliwatisha kuliko hasara kubwa zaidi ambayo wangeipanga wenyewe. Nimewaona watawala wakifanya hivyo na wizara, na wakuu wa vyuo wakifanya hivyo na idara. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, walisema wahenga. Hapa hakukuwa hata na pupa, kulikuwa na hofu iliyovaa suti na kubeba majedwali.

Hapo mwanzo wapo waliotaka orodha zibaki siri, kwa hoja kwamba mchezaji aliyeachwa nje akabaki asichukuliwe atarudi mazoezini akijua klabu yake ilivyompima. Hoja hiyo ina uzito. Kuna fedheha ya kweli katika kuona jina lako limewekwa mezani. Lakini niliifahamu hali ya upande wa pili, kwa sababu wiki zile zile nami nilipimwa. Idara iliyoniajiri ilikuwa na orodha yake. Lazima ilikuwa nayo, maana wengine walibaki na wengine tukaondoka. Sikuiona. Nilipokea barua pepe ya mistari minne iliyonishukuru kwa mchango wangu na kunitaka nirudishe funguo. Sikuambiwa ni kipengele gani kilitumika, nani alilindwa kwa karatasi na nani kwa kazi yake, wala ni nani aliyeketi mezani. Mwenzangu mmoja aliyebaki aliishi mwaka mzima akiamini kwamba amebaki kwa makosa, na kwamba siku moja mtu atayagundua.

Florida hawakuwa na pa kujificha hivyo. Kila mtu aliweza kuona kwamba walimlinda beki fulani na kumwacha mfungaji wao bora, na kila mtu ameendelea kuwauliza. Vegas wakamaliza msimu wao wa kwanza na ushindi 51, wakafika fainali ya Kombe la Stanley wakiwa na Fleury golini, wakafungwa na Washington mechi nne kwa moja. Wachezaji wenyewe walijipa jina la utani la watu wasiotakiwa, na walilibeba kwa furaha isiyofichika.

Seattle walipoingia mwaka 2021, kwa ada ya dola milioni 650 na kwa kanuni zile zile, mameneja walikuwa wamejifunza. Karibu hakuna aliyetoa kitu ili kununua usalama. Kila klabu ilikaa, ikapoteza mmoja, ikaendelea. Montreal walimweka nje hata Carey Price, kipa wao mashuhuri, naye kama Fleury aliachilia kifungu chake. Seattle walimtazama, wakautazama mkataba wake mkubwa, wakamwacha. Vegas hawakuguswa katika uteuzi huo, na katika mgawo wa ada nao hawakupewa kitu. Fleury alikuwa ndiyo kwanza ametwaa tuzo ya kipa bora wa ligi. Mwezi huo huo wa Julai Vegas wakamhamishia Chicago, na safari hii hakukuwa na kifungu cha kumlinda. Murray, aliyelindwa kwa gharama yake, alikuwa ameshauzwa Ottawa tangu mwaka uliotangulia.

Tarehe 13 Juni 2023 Vegas walicheza mechi ya tano ya fainali nyumbani, wakihitaji ushindi mmoja. Katika kikosi chao walibaki sita tu wa mwaka wa kwanza. Kocha Bruce Cassidy akawaanzisha watano wao kwa pamoja: Karlsson, Smith, Marchessault, Theodore na Brayden McNabb. Wapinzani wao walikuwa Florida Panthers. Mechi ilikwisha mabao tisa kwa matatu. Marchessault akatangazwa mchezaji bora wa mtoano mzima. Nahodha Mark Stone akalipokea kombe, akaliinua, akazunguka nalo, kisha akatafuta wa kumpa wa pili, akamkabidhi Reilly Smith.