Mtu Asiye na Kitambulisho

Filamu iitwayo ABBA: The Movie ilitolewa Disemba 1977. Mimi niliitia machoni Septemba 2023, iliporudishwa kwa siku chache katika majumba ya senema ya nchi mbalimbali; nami wakati huo nilikuwa London, nimekwenda kumjulia hali dada yangu. Kungoja senema moja kwa miaka 46 kasoro miezi mitatu ni jambo la kuchekesha, nalikubali. Lakini aliyelelewa visiwani zama zile atanifahamu. Filamu za Kihindi tulizipata Majestic pale Vuga, tukalia hata tukatoka macho mekundu. Hii ya Waswidi, mimi na dada yangu tuliisikia kwa sifa zake tu.

Kilichotufikia ni kaseti. Ami yetu aliyekuwa Dubai alimpa baharia mmoja, naye akaileta imefungwa ndani ya kanga. Ilikuwa nakala ya nakala, sauti zimechujuka kama rangi ya kitambaa kilichofuliwa mno, na upande wa pili mna tarabu ya Misri iliyokatwa katikati. Dada alipenda sauti. Mimi nilitaka maneno. Nikawa nasikiliza mstari mmoja, nazima, naandika katika daftari, kisha nautafuta katika kamusi ya Johnson iliyokwisha katika mgongo. Hiyo ndiyo skuli yangu ya Kiingereza, maana ile ya madawati niliiacha mapema. Mashairi yetu niliyapata barazani kwa wazee, na vina na mizani nikavihesabu kwa vidole. Cheti sina, si cha hiki wala cha kile.

Kwa muda mrefu sikujua kwamba wale wanne nao waliimba kwa lugha ya watu. Agnetha, Björn na Benny ni Waswidi, na Anni-Frid alizaliwa Norway akalelewa Uswidi. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1974, mjini Brighton, walishinda shindano la Eurovision kwa kuwaimbia Waingereza Kiingereza nyumbani kwao. Kwetu jambo hili halikupasa kushangaza. Ikhwani Safaa ilipoasisiwa mwaka 1905, nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu, na waimbaji walikuwa watu wa Unguja. Tarabu yetu, ambayo leo twaiona ni damu na nyama yetu, ilianza kwa kutia midomo katika maneno ya wengine.

Nimeyataja haya kwa sababu mwanzoni mwa mwaka huo wa 2023 nilirudishiwa mswada. Ulikuwa ni mashairi ya Kiingereza niliyoyageuza kwa Kiswahili, kazi ya miaka tisa. Barua iliyoambatana nao haikugusa shairi hata moja. Iliuliza nimesomea wapi tafsiri, na ikashauri nimtafute msomi wa kuisimamia kazi hiyo. Sikumwambia mtu. Dada alihisi kwa kuwa katika simu nilikuwa najibu kwa neno mojamoja, na nadhani ndiyo sababu akanitumia tiketi ya ndege.

Basi tukaingia senema. Ukumbi haukujaa, wengi walikuwa wanawake wa umri wa dada, na wawili walivaa mavazi meupe yenye kumetameta, wala hakuna aliyewacheka. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Lasse Hallström, inafuata safari ya kundi hilo nchini Australia mwezi wa Machi 1977. Nilitarajia nyimbo tu, na nyimbo zimo tele. Onyesho la kwanza la Sydney lilipigwa na mvua isiyosikia dua, watu wamefunika vichwa kwa miavuli na vipande vya plastiki, na hawaondoki.

Lakini ndani yake mmetiwa kisa cha kubuni. Mtangazaji mmoja wa redio, Ashley, ametumwa na mkubwa wake afanye mahojiano na ABBA. Si maswali ya juujuu, anaambiwa, bali mazungumzo ya kina. Masikini huyu amesafiri bila kitambulisho cha uandishi. Kila mlango anasimamishwa. Anabishana na walinzi, anachelewa, anakosa, anawafuata mji hadi mji akiwa na mashine yake ya kurekodia begani. Watu ukumbini walimcheka kila alipotolewa nje. Dada naye alicheka, kisha akanitazama akanyamaza, akanishika mkono. Nami niliona uchungu, halafu, sijui kwa nini, nikacheka kuliko wote.

Ukaja wimbo wa Fernando. Wasioujua asili yake wanadhani ulizaliwa kwa Kiingereza. Kwanza aliuimba Anni-Frid peke yake, kwa Kiswidi, mwaka 1975, na maneno ya Stig Anderson yalikuwa ya kumliwaza mtu aliyevunjika moyo kwa mapenzi. Alipoutia Kiingereza mwaka 1976, Björn Ulvaeus aliacha maneno yote. Akawaweka watu wawili waliozeeka, wanakumbuka vita walivyopigana ujanani. Jina likabaki, sauti ikabaki, na huruma ya mtu kwa mwenziwe ikabaki. Australia waliuweka juu ya nyimbo zote kwa wiki 14. Mimi sisemi mfasiri wa mashairi ana ruhusa ya kuacha kila kitu; ningefanya hivyo katika mswada wangu ningestahili kupigwa. Ila nilipousikia ukiimbwa mbele ya umati ule, niliuliza moyoni: Björn angeombwa cheti, angetoa kipi?

Ashley aliwapata mwishoni, kwa bahati, ndani ya lifti. Milango ilijifunga na wao wakiwa mle mle, hapana mlinzi wa kuuliza kitu.

Tulirudi kwa basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele, kama watoto. Dada, ambaye ameishi Uingereza miaka 30 na zaidi, aliniuliza maana ya mstari mmoja ambao tangu utotoni alikuwa akiuimba tu. Nikamwambia. Akaurudia kwa Kiswahili changu, taratibu, akihesabu mizani kwa kidole gotini, akasema, "Mdogo wangu, hapa umezidisha moja." Na kweli alikuwa amehesabu vizuri, kwani nilipokata kiungo kimoja mstari ulikaa.

Mswada niliupeleka kwingine Novemba ya mwaka ule, bila kuandika popote nilikosomea.